Kumpenda Kabula

Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka 29, na katika muda huo wote niliwasahihisha watoto kosa moja ambalo mimi mwenyewe nililifanya kila siku nikishatoka darasani. Kosa lenyewe ni la ngeli. Gari, kama ajuavyo mtoto yeyote wa darasa la nne, huwa limeharibika. Magari huwa yameharibika. Lakini mimi, nikishapangusa chaki mikononi, nilikuwa nikisema: Kabula ameharibika. Kabula amelala Bariadi. Kabula haumwi sana, anakohoa tu.

Kabula ni gari, ndugu msomaji. Ni Land Rover 109 ya miaka ya 70, ile ndefu, yenye mabenchi mawili ya ubavuni kule nyuma na turubai juu yake. Hiyo 109 ni idadi ya inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Nililinunua mwaka 1990 katika mnada wa mali chakavu za serikali, mjini Shinyanga, kwa fedha za ng'ombe wanane na pamba ya misimu miwili. Siku hiyo halikuwa na jina. Jina walilipa abiria. Kwetu Usukumani mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Kabula, na gari langu lilikuwa na tabia ya kulala njiani kila mvua inaponyesha, basi jina likakaa.

Wakati ule Mwamapalala ilikuwa katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu na Wilaya yetu ya Itilima vilikuja mwaka 2012. Mtu anayepita leo kwenye lami ya kutoka Mwigumbi, Maswa na Bariadi hadi Lamadi hawezi kujua njia zile zilikuwaje. Udongo wetu una majina yake, na mojawapo ni mbuga, yaani ule udongo mweusi mzito ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na mvua ikishanyesha huvimba na kuganda kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Katika udongo huo gari lililo zima huteseka. La kwangu halikuwa zima hata siku moja.

Nikianza kuorodhesha magonjwa yake sitamaliza. Mwaka wa kwanza lilikata shafti ya nyuma mara mbili. Springi zilivunjika pleti moja moja, tukawa tunazifunga kwa vipande vya tyubu mpaka zikafanana na mguu wa mgonjwa aliyefungwa bendeji. Rejeta ilivuja, tukaipasulia yai bichi ndani ili ute wake uzibe tundu, na kwa hesabu yangu kuku wa nyumbani kwangu wamelichangia gari hilo kuliko walivyoichangia familia. Tangi la mafuta lilitoboka kwa jiwe, tukaziba kwa sabuni ya mche. Tairi lilipasuka mahali pasipo na kijiji wala kiraka, tukalishindilia nyasi na kwenda nalo hivyo hivyo hadi nyumbani, gari likichechemea kama fisi. Stata ilipokufa tuliwasha kwa hendeli, na hendeli ikishakupiga mkono mara moja hutamsahau aliyeibuni.

Nikajifunza. Mwalimu wa lugha, ambaye alipolinunua hakujua kutofautisha plagi na kabureta, baada ya miaka mitatu aliweza kulala kitandani usiku, akasikia gari likija kwa mbali, na kumwambia mkewe: beringi ya gurudumu la kushoto inakufa. Mke wangu alinijibu siku moja kwamba yeye alikuwa na jino linalomuuma tangu wiki iliyopita na sikuwa nimelisikia.

Nitarudi kwenye jino hilo. Kwanza niseme jambo ambalo wengi waliolicheka gari langu hawakulielewa. Walidhani nalipenda pamoja na matengenezo yake, kama mtu avumiliavyo. Walinikumbusha methali ya boga na ua lake. Lakini haikuwa hivyo. Kama gari lile lingenunuliwa jipya na kwenda miaka kumi bila kufunguliwa boneti, ningelitumia kama ninavyotumia jembe, nisingelipenda. Nilikuja kulipenda nikiwa chini yake, mgongo kwenye mavumbi, oili ikinidondokea sikioni. Mtu hupenda kile alichokihangaikia. Baba yangu alikuwa na maksai mmoja mzee aliyemlimia misimu tisa, na ilipofika siku ya kumuuza alimtuma mdogo wake ampeleke mnadani, yeye mwenyewe akaenda kukaa shambani bila kazi yoyote mpaka jioni. Ng'ombe wengine aliwauza mwenyewe, tena kwa makelele ya bei. Huyu mmoja alikuwa amemfunga vidonda vya shingo kwa mikono yake.

Swali la pili ni gumu kidogo: ni nini hasa nilichokuwa nakipenda? Mwaka 1993 injini ya petroli ilikufa kabisa, tukatafuta Mwanza injini ya dizeli ya Isuzu iliyotumika na kuifunga. Kabla ya hapo giaboksi ilikuwa imebadilishwa, na ekseli, na milango miwili. Nikamuuliza fundi wangu wa Bariadi, mzee aliyezitumikia Land Rover tangu ujana wake, kama hili bado ni gari lile nililolinunua mnadani. Alifikiri huku akifuta spana. "Mwalimu," akasema, "gari ni chesisi na jina. Mengine yote ni chakula, linakula, linatoa."

Nimelipima jibu hilo kwa miaka mingi na bado sijapata lililo bora. Tazama meli ya Liemba, iliyopo Ziwa Tanganyika. Iliundwa mwaka 1913 kule Papenburg, Ujerumani, ikafumuliwa, ikapakiwa katika masanduku maelfu, ikasafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani, walipoona vita vinawaelemea, waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka mashine zake grisi nene zisiliwe na kutu. Ilikaa chini ya maji kwa miaka. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mashine zake za mvuke nazo ziliondolewa katika miaka ya 70, zikawekwa za dizeli. Jina limebadilika, mashine zimebadilika, wenyewe wamebadilika mara tatu, lakini hakuna mtu wa Kigoma atakayekuambia kwamba hiyo ni meli nyingine. Mimi humfikiria zaidi yule fundi aliyepaka grisi. Anaizamisha meli, naye bado anaitunza. Huyo najua alikuwa na ugonjwa wangu.

Sasa nirudi nyumbani, maana habari ya mapenzi yangu mpaka hapa inapendeza, na mambo yakipendeza sana ni vizuri kuuliza nani analipia.

Mke wangu alikuwa na daftari. Sikulijua mpaka mwaka wa tano. Alikuwa akiandika kila shilingi iliyokwenda kwenye gari, kwa mwandiko wake wa polepole, tarehe na kitu kilichonunuliwa, na chini ya kila mwaka alikuwa amegeuza jumla kuwa ng'ombe, kwa kuwa bei ya shilingi ilikuwa ikibadilika lakini ng'ombe ni ng'ombe. Katika miaka mitano gari lilikuwa limekula ng'ombe 11, mbali na wale wanane wa kulinunulia. Lilikuwa limeingiza fedha pia, siwezi kulisingizia, nauli na mizigo ya pamba wakati wa msimu. Lakini ukitoa kilichoingia kwa kilichotoka, Kabula alikuwa anadaiwa. "Wanawake wengine wana wake wenza wanaosaidia kulima," aliniambia. "Wangu anakula tu."

Binti yetu wa kwanza alikuwa na malalamiko yake. Kwa desturi mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama yake aliitwa kwa jina lake, kama ilivyo haki. Mimi, kuanzia kituo cha magari cha Bariadi hadi gulio la kijijini, niliitwa Baba Kabula. Mgeni mmoja alimwuliza binti yangu kama Kabula ni dada yake. Alipofika kidato cha pili, muhula mmoja alichelewa kwenda shuleni wiki tatu kwa sababu fedha ya ada ilikuwa imekwenda kwenye giaboksi. Nilimweleza kwamba gari likitengemaa litalipa ada hiyo na zaidi. Hakubisha. Alikaa wiki tatu akichota maji, na siku ya kuondoka alipanda gari hilo hilo, akakaa nyuma, ingawa kiti cha mbele kilikuwa wazi.

Nimeahidi kurudi kwenye jino. Liling'olewa. Sikuwepo siku hiyo, nilikuwa Maswa nikitafuta bushi.

Ikaja biashara huria ya pamba mwaka 1994. Wanunuzi binafsi walianza kuingia vijijini kushindana na ushirika, na katika msimu wa mwaka 1995 fedha ilionekana mikononi mwa watu. Nami nilipata. Nikampelekea fundi gari, naye akalikagua kwa siku nzima, kisha akanipa ushauri mfupi: masta silinda ya breki imechoka, ibadilishwe yote pamoja na mabomba. Sikufanya hivyo. Nililipaka rangi. Nililipaka kijani iliyoiva, nikaweka matakia mapya kwenye mabenchi, turubai jipya, na redio ya kaseti. Kuhusu breki nilisema, msimu ujao.

Huenda msomaji asiye na gari asione uzito wa jambo hilo, basi nieleze kidogo. Land Rover ilipooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, mwili wake ulikuwa wa aluminiamu kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Kwa hiyo gari hili likizeeka uso wake hubaki mzima. Kinacholiwa ni chesisi ya chuma iliyo chini, mahali ambapo abiria hatazami. Ukilipaka rangi unapamba sehemu ambayo haikuwa na shida. Ama breki zake huendeshwa na mafuta yanayosukumwa na masta silinda kupitia mabomba membamba hadi kwenye magurudumu. Katika matoleo ya zamani kama langu njia ni moja tu. Ikivuja mahali pamoja, magurudumu yote manne hukosa breki kwa mpigo. Kabla ya hapo huonya: pedali huanza kuzama, unaikanyaga mara mbili, mara tatu, ndipo inashika.

Ya kwangu ilianza kuzama mwezi wa Januari 1996. Tulipokosa mafuta ya breki tulitia maji ya sabuni. Utingo alikuwa na gogo lake la kuweka nyuma ya gurudumu tukisimama kilimani, na gogo hilo lilizidi kuwa na kazi. Mimi nilikuwa naendesha Jumamosi na siku za likizo, siku nyingine mpwa wangu. Tulikuwa watu watatu tunaojua. Abiria hawakujua. Walichokijua ni kwamba Kabula amekuwa mzuri, ana matakia na muziki.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikitokea Bukoba na Kemondo. Mamia ya watu walikufa, na hesabu yao kamili imebishaniwa hadi leo, maana meli ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake na wengi hawakuwa katika orodha yoyote. Tulizikusanyikia redio siku zile. Mwanza ndiyo mji wetu mkubwa, na kila ukoo ulikuwa na mtu wa kumwulizia. Mazungumzo yalikuwa mengi, na mojawapo lilikuwa hili: vyombo vikuukuu vinaua. Nililikubali neno hilo kwa sababu lilinipa faraja ya ajabu; kama uzee ndio unaoua, basi kosa ni la miaka, si la mtu. Kisha tukasikia kwamba meli hiyo ilianza kazi mwaka 1979. Ilikuwa na miaka 17. Ilikuwa changa kuliko gari langu. Na Liemba, iliyowahi kulala chini ya ziwa, ilikuwa bado inasafiri. Faraja yangu ikaishia hapo.

Jumamosi ya wiki ile ile nilikuwa narudi kutoka guliono. Kabla ya kuondoka utingo alipiga ubavu wa gari, akanipa hesabu kama ilivyo desturi: "Mwalimu, vichwa 23." Gari lilikuwa la watu 12. Kuna mahali njia inateremka kwenda kuvuka korongo, si mteremko mkubwa. Nilikanyaga pedali ikaenda hadi chini. Nikakanyaga tena, ikaenda hadi chini. Nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono, gari likatembea vile vile, likapita ng'ombe wawili kwa shibiri moja, likaingia kwenye mchanga wa korongo na kusimama lenyewe kwa kuchoka. Redio ilikuwa inaimba. Nyuma watu walicheka. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti, "Kabula leo anacheza!" Wakacheka zaidi. Nilimtazama utingo kwenye kioo. Alikuwa amelikumbatia gogo lake.

Usiku ule sikulala, na kilichonijia ni ile ngeli. Nilikuwa nimelichukua gari, kitu cha chuma, nikalipandisha kwenye ngeli ya watu: anaumwa, anakohoa, amechoka. Na wale watu, akina mama wenye vikapu na wazee wenye fimbo, nilikuwa nimewashusha kwenye ngeli ya vitu: vichwa 23, vimelipa, vimeshuka. Sikuwa nimekusudia. Lugha ya kazi ilinifikisha huko taratibu, nami ndiye mwalimu wa lugha. Ndugu yangu aliye mtu wa dini alikuwa akiniambia kila mara kwamba kukipenda kitu ni kuabudu sanamu, nami nilimcheka kwa kuwa sikumpigia Kabula magoti isipokuwa kuangalia oili. Bado nadhani hakuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Kupenda kitu si dhambi. Mtu asiyependa jembe lake hulima vibaya. Lakini kipenda roho hula nyama mbichi, na katika kisa changu aliyekuwa anaila nyama hiyo mbichi si mimi niliyependa.

Asubuhi niliamuru gari lisimame mpaka masta silinda ipatikane. Nilijiona mwema. Nikauza ng'ombe, nikampa mpwa wangu fedha aende Mwanza, na kwa sababu kifaa hakikuwepo dukani alikaa huko akisubiri.

Wiki ya pili, saa nane usiku, jirani yangu alibisha hodi. Mkewe alikuwa na uchungu tangu mchana uliotangulia na mkunga alikuwa amesema hawezi zaidi. "Mwalimu, tusaidie. Tumpeleke hospitali." Nikamwambia gari halina breki. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu yeyote ukweli juu ya gari langu. Alisimama kidogo gizani, kisha akasema, "Twende hivyo hivyo, Mwalimu. Utaendesha polepole." Nilikataa. Nilimweleza habari ya korongo. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mbona juzi tulipanda?"

Walimpeleka kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nami nilikwenda nao nikishika taa. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Watu walinigawanyikia. Wapo waliosema nilifanya vema, kwani kwa gari lile tungekufa sote kwenye korongo. Wapo waliosema roho yangu ni ngumu, gari lilikuwepo na dizeli ilikuwemo. Nami nimelizungusha jambo hilo kichwani kwa miaka karibu 30. Je, ningeendesha? Usiku njia ilikuwa tupu, mteremko nilikuwa naujua, huenda gia ya kwanza ingetosha. Huenda isingetosha. Ukiniuliza leo nitajibu kwamba sijui, na kwamba katika usiku ule kila jibu lilikuwa baya. Mke wangu hakusema neno. Asubuhi nilipokaa nje na chai yangu alileta lile daftari, akalifungua ukurasa wa mwaka 1995, akaliweka mkekani mbele yangu, akaenda zake kuteka maji. Kwenye ukurasa huo palikuwa na mistari minne: rangi, matakia, turubai, redio. Jumla yake, kwa hesabu yake, ilikuwa ng'ombe wawili na nusu. Masta silinda na mabomba yake vilikuja kunigharimu ng'ombe mmoja.

Kwa hiyo nasema kosa halikuwa la usiku ule. Usiku ule nililipa tu, na si mimi hasa niliyelipa. Kosa lilikuwa la ile siku njema ya jua, fedha ikiwa mfukoni na fundi amesimama mbele yangu akifuta mikono, nikachagua kumpendezesha Kabula badala ya kumtibu. Nikipenda kuonekana naye, nikaita huko ndiko kumpenda. Ule upendo wa zamani, wa mgongo mavumbini, usingeweza kunidanganya hivyo, kwa sababu aliye chini ya gari huona chesisi.

Masta silinda ilifungwa mwezi wa Juni. Redio niliiuza. Utingo nilimkataza neno vichwa, akalizoea kwa shida, akawa anasema "abiria 12, Mwalimu" kwa sauti ya mtu anayemsomea mkaguzi. Tulipata hasara, maana magari mengine yalipakia 20 na zaidi, na abiria wenyewe walininung'unikia nilipowaacha guliono jua likizama. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilitukuta na breki nzima, springi mbovu na deni. Binti yangu alimaliza shule; ada zake zilitoka katika ng'ombe na pamba, Kabula hakuchangia hata senti. Leo naye ni mwalimu, tena wa hisabati. Lile daftari limo mikononi mwake.

Yule mama alizaa tena, mwaka 1998, mtoto wa kike. Tulikuwa tunasalimiana kila siku, na hakuwahi kunitajia usiku ule. Mwaka 2019 binti huyo aliolewa, na mama yake akaja kuniomba Kabula ambebe bibi harusi na vyombo vyake. Wakati huo gari lilikuwa halisafiri tena kwa biashara, linasogea tu hadi kisimani na kurudi. Siku yenyewe watu walikuwa wamejaa uani, vigelegele vinapigwa, bibi harusi ameshainua mguu kupanda. Mama yake akamshika mkono, akamzuia. Akanigeukia mbele ya watu wote.

"Mwalimu," akasema, "breki zipo?"

Uwanja ulinyamaza. Nilifungua boneti, nikamwita aje. Nikamwonesha kikombe cha mafuta ya breki, nikafungua kifuniko achungulie, nikampa tochi. Alichungulia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, "Haya, mwanangu, panda."

Kabula yuko chini ya mwarobaini sasa. Rangi imebabuka, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na wajukuu wananiambia chuma chakavu kina bei nzuri Bariadi. Kila Jumamosi asubuhi nafungua boneti na kuchungulia kile kikombe. Wiki iliyopita kilikuwa kimepungua kidogo. Nilikijaza.